Mgogo Alipe Ushuru wa Ruta

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Anselm, mtani wangu wa Kigogo. Mheshimiwa diwani wetu. Padri wa Kipalapala. Mzee Ridhaa uliyetuachia chumba hiki cha Isevya bure. Akina mama, akina baba: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, hata msioamkia.

Mimi ni Masolwa, mlinzi wa karakana hii. Shule niliiona kwa nje, nikipita na ng'ombe. Lakini mnanijua: nilishabeba gunia la chumvi kutoka Igalula mpaka hapa mjini, treni iko nyuma yangu inapiga honi niipishe! Nani anabisha? Asimame.

Leo tunafungua rasmi karakana ya kufufua ruta, vile vidude vya intaneti vya majumbani ambavyo mtu akipata kipya, cha zamani anakisukumia uvunguni. Fundi Theodora anavifungua, anachomea palipokatika, vinakwenda zahanati bure. Cha kwanza kilikwenda Igalula. Mama mmoja, Sayi, akajifungua pale, mtoto katoka kimya. Nesi Julieth akamwonyesha daktari wa mjini kwenye simu. Daktari anapiga kelele, "Msugue mgongo! Usiache!" Sisi mlangoni tunasukumana kuchungulia. Mara mtoto huyo, analia! Nikasema ruta niliileta mimi, basi aitwe Masolwa. Wakakataa. Kumbe wa kike.

Sasa sikilizeni. Juzi radi imeiua ruta ile. Intaneti inafika kwenye dishi la paani, inaishia hapo hapo. Na mjukuu wangu Nyamizi yuko pale, siku zake zimetimia. Theodora bisibisi anayo, ruta hana hata moja. Ziko wapi? Ziko kwenye lori hilo linalonguruma nje! Kampuni ya intaneti ya mtani wangu imezikusanya kwa wateja, na akitoka hapa zinakwenda kuchomwa moto.

Asubuhi nilimfuata. Akaniambia, "Mzee, humo mna siri za wateja, nywila zao."

"Theodora anazifuta zote."

"Na akisahau moja?"

Swali la haki. Basi kaa, mtani, kiti kipo, shuhudia kila moja ikifutwa. Isiyofutika kaichome mwenyewe.

Lakini bila kulipa hutoki. Babu zetu walipopita Ugogo na pembe za ndovu mabegani, babu zenu waliwatoza ushuru wa njia, hata maji ya kisima wakawauzia! Babu zetu walifanya nini? Walilipa, wakapita. Leo Mgogo kapita hapa kwetu Unyanyembe na mzigo, na ushuru wetu ni huo mzigo wenyewe. Naichukua kofia yako hivi, na mtani hamkasirikii mtani. Mnaona anavyocheka? Usinichekee, Anselm. Nyamizi hacheki. Sema unatoa au hutoi, watu wote hawa wasikie.

Umesemaje? Kwa sauti, Mgogo, hapa siyo malishoni!

Haya! Dereva, umemsikia bosi wako, zima injini, fungua turubai. Theodora, anza na ya Igalula, bodaboda yuko mlangoni. Kofia nakaa nayo mpaka ya mwisho ifutwe.

Asanteni kwa kunivumilia. Makofi acheni, mikono hiyo njooni nayo tushushe.