Betri Asubiri Simu ya Maji

Kijiwe chetu hapa Uru ni benchi moja na birika langu la kahawa. Zamani mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, ukifunguliwa huko juu, baba yangu alipuliza baragumu, mwenye zamu ya maji akakimbia na jembe. Baba alisema, "Mpuliza baragumu haulizi nani amelala." Siku hizi mjukuu wangu Eliona, anayesomea kompyuta, ametengeneza programu: lango la mfongo likifunguka, simu zinalia. Leo ndiyo mara ya kwanza, na zamu ni ya Elimringi, tunayemwita Betri. Maharage yake yamenyauka. Akikosa maji leo, mpaka wiki ijayo.

— Saa tatu imepita, akasema Betri. Simu kimya.

— Tulia, mangi, akasema Basili, Profesa wetu. Eliona si alieleza kanisani? Lango halimjui mtu. Lenyewe linasema tu, "Nimefunguka!" Kuna mjumbe humo ndani ya programu, ndiye anampelekea habari kila aliye kwenye orodha. Na kila mtu ana kazi yake: wewe ushike jembe, mimi nifunge ng'ombe wasikanyage mfereji.

— Sasa mjumbe amelala?

— Mjumbe hauawi! Amekwama kwenye wingu. Huoni kilele cha Kibo kimejifunika?

— Wingu gani, wewe! Atakuwa amepitia pombe ya mbege kwa Flavia.

— Hana miguu, atapitiaje?

— Basi kabebwa.

— Haba na haba hujaza kibaba. Atafika tu.

Nikawaongezea kahawa. Betri akaitikisa simu kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Ndipo akashuka Mektrida, aliyeolewa hapa juzi kutoka Kilema, matope mpaka magotini.

— Shikamooni. Kumbe mmekaa? Maji yamepita zamani, yameishia mtoni. Eliona yuko langoni, anauliza nani kati yenu alijiandikisha kwenye orodha.

— Kujiandikisha? akasema Betri. Mfongo huu aliuchimba babu yangu! Mimi nilizaliwa nimeshaandikwa.

— Na huyo mjumbe wa Eliona, baba, anamjua babu yako?

Profesa akachungulia kikombe chake. Mimi nikafuta birika, ingawa lilikuwa safi. Betri akachukua jembe lake nyuma ya benchi, lilikuwa hapo tangu alfajiri, kavu, akaanza kupanda mlima kuyafuata maji yaliyokwisha kushuka.