Sanduku Humfuata Mgonjwa

Nimeombwa nisome wasifu wa dada yangu, Susan Wambeti, kwa upole. Nitajaribu.

Marehemu alizaliwa mwaka wa 1943 hapa Kanja, kifungua mimba wa Mzee Runji. Alisoma hadi darasa la nne tu, kwani karo ilitengewa sisi wavulana. Mwaka wa 1962 aliolewa na Mzee Mbogo, wakajaliwa Karimi na Muriithi.

Alilima kahawa, na mwaka wa 1984 akaanzisha kikundi cha akina mama cha Tuinuane. Akiba yao ilikaa katika sanduku la bati lenye kufuli tatu. Ufunguo mmoja alikuwa nao yeye, wa pili Kagure, wa tatu Winfred, na bila wote watatu halifunguki. Kagure alipojifungua, wenzake walilibeba sanduku hadi kitandani kwake, akalifungua huku mtoto ananyonya. Wambeti alicheka akasema, "Sanduku ndilo humfuata mgonjwa."

Mwaka wa 1994 maafisa wa benki moja ya mjini walikuja na maneno matamu: wekeni akiba kwetu, mtapata mikopo. Wenzake walisitasita, na ni yeye aliyewashawishi. Alidai jambo moja tu, sahihi tatu, kama zilivyokuwa kufuli.

Julai mwaka huu wa 1997 aliugua tumbo, akalazwa Embu. Upasuaji ulihitaji malipo, na kikundi kizima kikakubali akiba itolewe. Kagure na Winfred wakaenda benki.

"Mama Karimi amelazwa hapo juu tu," Kagure alimwambia karani. "Tupatie mtu alete hiyo fomu, asaini."

"Hatuendangi huko, mama. Lazima akuje mwenyewe. Ni procedure."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa! Jumatatu dada yangu alitoka kitandani, akashikwa huku na huku hadi kaunta, akasaini. Karani akasema sahihi imetetemeka, haifanani na ile ya zamani. Pesa zilikuwa zao wenyewe! Nina hasira, na sitaificha mbele ya jeneza lake.

Alifariki Alhamisi, tarehe 24 Julai, kabla ya kupasuliwa.

Ameacha mume, watoto wawili, sisi ndugu zake, na wana-Tuinuane, ambao wameshalipangusa vumbi sanduku lao.

Shada kubwa mnaloliona hapo mbele lililetwa jana na gari la benki, katika tope lote hili, hadi mlangoni pake. Kumbe njia ya kumfuata wanaijua.

Pumzika, Wambeti. Mungu anakujua bila sahihi.