Siku Mama Mkwe Alipombeba Samweli

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu! Na nyie mliosimama mlangoni itikieni, msinionee haya. Mimi mwenyewe naona haya kusimama hapa mbele. Apewe sifa zake tena!

Wengi mnanifahamu, mimi ni Mama Samweli. Mume wangu Daudi ndiye yule wa kuku. Tangu iliporuhusiwa kila mtu afanye biashara yake, yeye huzunguka vijijini kukusanya kuku, anawapakia kwenye matenga, anapanda nao lori mpaka Dar es Salaam. Akishaondoka habari zake tunazipata siku anaporudi. Nyumbani tunabaki mimi, mtoto, na mama mkwe. Mama mkwe mnamwona, amekaa benchi la mbele, anajifanya anarekebisha kilemba. Kilemba chako kiko sawa, mama. Leo nakusema na huna pa kujificha.

Samweli ni mtoto tuliyemsubiri mpaka watu wakachoka kuniuliza. Nilipompata nikampa jina hilo kwa sababu nilimwomba kwa Mungu, kama mnavyojua habari za Hana, mama yake Samweli wa kwenye Biblia. Siku ninayowaeleza alikuwa ndiyo kwanza ameweza kukaa mwenyewe bila kuegemezwa. Mvua zilikuwa zimekolea na mtama ulikuwa umetupita urefu. Aliamka na homa. Nikamwogesha, nikamnyonyesha, nikasema itashuka. Jua lilipopanda, nikiwa natwanga uwele uani, nikamwona amekakamaa kwenye mkeka, macho yamegeuka meupe, mikono inarukaruka, povu mdomoni. Nilipiga kelele, ndugu zangu, hata sijui nilisema nini. Mama mkwe akatoka jikoni, akamtazama mara moja tu, akasema, "Degedege."

Mnajua jinsi tulivyolelewa huku kwetu. Tangu tukiwa wasichana tunaambiwa kwamba mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa, amekwisha. Anafukizwa moshi wa mavi ya tembo, anafunikwa nguo nzito, halafu watu wanangoja. Mama mkwe alikuwa na mavi hayo makavu juu ya dari la jiko, marehemu baba mkwe aliyaleta kutoka msitu wa Mgori. Na msidhani mama huyu alikuwa mtu wa giza! Ndiye aliyekuwa akituongoza sisi akina mama katika maombi. Ila alikuwa na kidonda chake. Mtoto wake wa kwanza, Petro, alishikwa na degedege, akampeleka mwenyewe kuchomwa sindano, na njiani wakati wa kurudi mtoto akakata roho. Watu wa ukoo walimwambia, "Ulimpeleka kuuawa." Ameishi na neno hilo maisha yake yote. Kwa hiyo alipomwingiza Samweli jikoni na kuyawasha mavi yale, sikumwona mjinga. Nilimwona mama anayeogopa.

Mimi nami moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Kliniki, siku ya kupima uzito, nesi alitufundisha kwamba degedege ni malaria iliyopanda kichwani, na kinachoua watoto wengi ni kuchelewa. Nilimwamini. Lakini kuamini ukiwa umekaa na wenzako kwenye benchi la kliniki ni rahisi! Jaribu kuamini ukiwa mkaza mwana, mume yuko Dar, na mama yake ameshika mtoto. Kama angechomwa sindano akafa, nani angesema ni malaria? Wangesema nimemuua mimi. Ningeishi wapi?

Moshi ukajaa jikoni. Samweli akatulia kidogo, kisha akakakamaa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Nikatoka nje, nikapiga magoti kwenye pumba za uwele. Nikasema, "Mungu wangu, sina nguvu ya kushindana na mama huyu, na sina nguvu ya kumzika mtoto huyu. Nisaidie." Sikuona maono wala sikusikia sauti, nisiwadanganye. Ila nilipoinuka, hofu ilikuwepo bado na miguu ikawa inatembea hivyo hivyo. Nikaingia nikasema, "Mama, naomba ruhusa nimpeleke zahanati. Nimeomba, roho yangu haitulii."

Nilingoja kufokewa. Mama mkwe hakufoka. Alimtazama mtoto, akafumba macho, akaomba kwa Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, maneno machache tu, kwa sauti ya chini. Kisha akavua kanga yake mabegani.

"Niwekee mgongoni," akasema.

"Mama, nitambeba mimi."

"Hapana. Kama ni kufa, afie mgongoni kwangu. Mimi nilishasemwa, nimezoea. Wewe bado binti, maneno yale hutayaweza."

Ndugu zangu! Nimesikia mahubiri mengi kanisani humu kuhusu kubeba mzigo wa mwenzako. Siku ile niliufunga mzigo huo kwa mikono yangu, nikakaza fundo la kanga kifuani mwa mama mkwe, nikamfuata nyuma.

Tulipita katikati ya mtama, yeye mbele, mimi nyuma na kikapu, macho yangu kwenye kichwa cha Samweli. Hakupumzika hata mara moja, na mnajua magoti yake yalivyo. Zahanati nesi alimvua mtoto nguo zote, akampangusa kwa maji mwili mzima. "Nyumbani tunamfunika, huku wanamvua," mama mkwe akasema. Hakuwa anabisha, alikuwa anashangaa tu. Kisha nesi akashika sindano, akauliza nani atamshikilia mtoto. Mimi nilishindwa. Nilitazama ukutani. Mama mkwe ndiye aliyeushika ule mguu mdogo, akafumba macho, na sindano ikaingia.

Mama mkwe akaweka kiganja chake kifuani mwa mtoto, na hapo kikabaki.

Nesi akatuambia hapo ni mwanzo tu, lazima tufike hospitali mjini Singida. Gari halikuwepo. Akasimama barabarani mwenyewe, akasimamisha lori lililobeba magunia ya alizeti. Dereva alikuwa Mwislamu, mtu mzima. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akatupakiza mbele, akasema, "Tuombe mama, kila mtu kwa dini yake. Atasikia." Njia nzima nilimwona midomo inacheza, na mama mkwe naye midomo inacheza, na lori linaruka kwenye mashimo. Mungu ambariki yule baba popote alipo, sikupata hata kumuuliza jina.

Hospitali walimtundikia dripu ya kwinini, sindano kwenye mshipa wa kichwani. Siku zikapita amelala tu, hanyonyi, halii. Daktari akaniambia kwa upole nijiandae kwa lolote. Siku hiyo sikuomba kwa kelele, nilikuwa nimechoka. Nilisema, "Bwana, ni wako. Ulinipa. Ninampenda sana, unajua." Basi, nikaishia hapo. Na nawaambia kweli, amani iliingia kabla mtoto hajapona. Sijui kuieleza. Nililala usingizi.

Halafu asubuhi moja, namgeuza nimbadilishe nepi, nikaona kichwa kinatafuta. Kinatafuta ziwa! Nikamwekea, akashika, akanyonya kwa nguvu mpaka nikaumia. Nililia, ndugu zangu! Mama mkwe alitoka nje, mara nasikia vigelegele korido nzima. Nesi akamkimbilia, "Mama, hapa ni hospitali!" Naye akamjibu, "Najua ni hospitali, ndiyo maana napiga!"

Daudi alipofika kutoka safari akaambiwa kijijini, akaja mbio mjini na vumbi lake lote. Alimkuta Samweli amekaa, anavuta kofia ya nesi. Alipomaliza kumbusu, akamwuliza mama yake kwa sauti ndogo, "Mama, nani aliamua aletwe huku?"

Nilijua atasema ni yeye, na ilikuwa haki yake kusema hivyo.

Akajibu, "Mkeo."

Mnaona? Lawama alikuwa amejifunga mgongoni mwake. Sifa zilipokuja, akanipa mimi. Nimemfuata Kristo tangu utoto, lakini siku ile nilimwona kwa karibu.

Leo Samweli ni yule pale anayesukumana na wenzake dirishani, ameanza darasa la kwanza. Ninamshukuru Mungu kwa uhai wake. Na ninamshukuru kwa jambo jingine, kwamba mama huyu sasa analitaja jina la Petro wake mchana kweupe, bila kuinamisha kichwa. Hofu ile imemwachia. Mungu alifungua wawili kwa safari moja!

Basi ndugu yangu uliyeacha mgonjwa nyumbani, wewe unayeogopa sindano, au unayeogopa maneno ya watu, mtumaini Bwana. Omba, kisha inuka uende, hata kama unatetemeka. Na kama miguu imekataa kabisa, usione aibu kusema. Benchi la mbele pale yupo mama mmoja, magoti mabovu, kanga iko tayari. Atakubebea.