Kwa Nini Winfred Hatasimama Leo

Mgeni rasmi, Profesa Bartholomew Mulwa, mkuu wa taasisi ya utafiti; Bi Kavutha, mtafiti wetu anayesomea huko; Mwalimu Festus; wazazi wenzetu na majirani wote wa Kalama: leo ni Ijumaa, tarehe kumi na nne Novemba, mwaka wa elfu mbili na tatu, na sisi wanafunzi wa ngumbaru wa Kwa Nzuki tunawasalimu kwa heshima kubwa.

KUKUKARIBISHA

Tumefurahi kwamba umeacha shughuli zako ukapanda mlima huu kuja kutuona. Wengi wetu ni mama wa watoto ambao mwaka huu wameanza kusoma bila karo. Asubuhi wao huyakalia madawati haya, na alasiri tunayakalia sisi, magoti yakigonga mbao. Risala hii tumeiandika wenyewe. Mwalimu ametusahihishia herufi, maneno hakutupa.

TULIKOTOKA

Kabla ya Bi Kavutha walikuja watafiti wengine. Walifika wakiwa na naibu wa chifu, wakatukusanya pamoja na waume zetu na mama wakwe zetu, kisha wakatuuliza mbele ya wote kama waume zetu hutusaidia kuteka maji. Sote tulijibu kwamba hutusaidia sana. Mzee Ndunda, mmoja wa waume hao, aliitikia kwa kichwa kwa fahari, naye hata njia ya kwenda mtoni haijui. Wageni waliandika, wakashukuru, wakaenda zao. Hatukuwa na nia mbaya. Tuliwapa jibu zuri kwa sababu walikuwa wageni, na kwa sababu tulikuwa tunarudi nyumbani na waume hao hao.

Bi Kavutha alikuja mwaka jana kutafuta sababu zilizowafanya wanawake wa huku waache shule. Aliandika majina yetu sote kwenye vikaratasi, akavitia katika sufuria, akafumba macho na kuchomoa vichache. Jina la Nthenya lilipotoka, alipiga kigelegele akaanza kukimbia.

"Unaenda wapi, mwaitu?" Bi Kavutha alimwita, kwa neno letu la Kikamba la kumheshimu mama.

"Kuleta gunia la mahindi ya msaada! Si nimeshinda?"

"Umeshinda maswali yangu tu."

"Basi rudisha jina langu ndani, uchomoe la yule tuliyegombana naye kisimani!"

Tulicheka mpaka Mwalimu akatoka nje. Kisha Bi Kavutha akatueleza kwamba sufuria haina upendeleo. Akichagua wachangamfu, atasikia mambo ya wachangamfu peke yao. Alisema hakuna mahindi wala mbolea, na atakayekataa hatanyimwa kitu.

TULIYOYAONA KWAKE

Mmoja wa waliochomolewa tutamwita Winfred. Hilo si jina lake. Winfred wa kweli ndiye anayepika chai leo, na ametukopesha jina akisema, "Wakitaka mtu wa kukodolea macho, wanikodolee mimi. Sina la kuficha ila umri." Mambo mengine madogo ya habari hii pia tumeyabadilisha, kama tulivyofundishwa.

Winfred alikuwa amezoea kwamba mwenye kalamu akiuliza, yeye hujibu. Siku Bi Kavutha alipofika kwake, kabla hajajizuia alisema, "Leo siwezi." Alingoja kukaripiwa.

"Haina shida, mwaitu. Hata kesho ukikataa, ni sawa."

"Hutaniandika kwamba mimi ni mkaidi?"

"Sitaandika kitu. Nisaidie kazi gani?"

Wakakaa wakibambua mbaazi, wakazungumza juu ya mvua na bei ya kahawa. Winfred alishangaa siku nzima. Katika maisha yake alikuwa amekataa mambo machache, na hapakuwa na hata moja lililokubalika kirahisi hivyo.

Wiki kadhaa baadaye alimwita mwenyewe. Waliketi ukingoni mwa mtaro wa shamba, mahali ambapo mtu akija anaonekana kutoka mbali. Walipofika penye jambo lenyewe, Bi Kavutha alizima kinasa sauti kabla ya kuombwa. Winfred alifuta uso kwa leso, kisha akasema, "Washa."

Jambo hilo hatutalisema. Linamhusu mtu aliye hai, na mtu huyo akijua limesemwa, Winfred hatakuwa na nyumba ya kulala.

Bi Kavutha alipomaliza kuandika, alirudi kumsomea kila aliyehojiwa sehemu yake, faraghani. Winfred alisikia jina geni, lakini akasikia pia idadi ya watoto na upande wa kilima. "Huyu ni mimi kabisa," alisema. "Hata mbuzi wangu wangenitambua." Bi Kavutha alipiga mstari juu ya maneno hayo papo hapo. "Kazi yangu itapungua uzito kidogo," alisema, "lakini wewe utalala."

Profesa, kama ni wewe uliyemfundisha hivyo, tunakupongeza kwa moyo wote.

LINALOTUTIA HOFU

Juma lililopita tulipokea ratiba ya leo kutoka ofisini kwako. Baada ya nyimbo imeandikwa: "Ushuhuda wa mama aliyehojiwa." Tunaamini iliandikwa kwa nia njema, ili wafadhili wajionee matunda.

"Walikuuliza jina langu?" Winfred alimuuliza Bi Kavutha.

"Waliniuliza. Sikulitoa."

"Utafukuzwa?"

"Sijui, mwaitu."

Kesho yake Winfred alikuja darasani amevaa nguo ya kanisani. "Nitasimama," alituambia. "Mtoto wa watu asiharibikiwe kwa ajili yangu." Bi Kavutha alimshika mikono. "Ukisimama kwa kunihurumia, hiyo si hiari yako. Mimi nitajitetea."

Nthenya ndiye aliyesema, "Kwani tumefundishwa kuandika ili tuandike nini?" Ndipo tukaianza risala hii.

MAOMBI YETU

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa: kifungu hicho cha ratiba kifutwe, na Bi Kavutha asiadhibiwe wala asipunguziwe alama. Alitunza ahadi. Akiadhibiwa kwa hilo, atakayemfuata tutamwambia tena kwamba waume zetu huteka maji.

Pili, tunaomba miwani kwa wenzetu ambao macho yamechoka, na vitabu vya herufi kubwa. Tatu, utafiti ukishachapishwa, nakala moja iletwe hapa. Tutaisoma wenyewe, polepole.

Mwenye jambo ametutuma na neno, na ameliandika kwa mkono wake: "Mwambieni Profesa anywe chai ashibe, lakini asiniite."

Profesa, risala hii usiiweke kabatini. Mungu akurudishe salama kwa watu wako, akuzidishie hekima na afya. Wapo vijana wako wanaojiandaa kwenda Mumbuni na Matuu kuuliza wanawake wengine maswali. Wape waisome kabla hawajabisha mlango wa kwanza, nao wakimaliza wawape wenzao.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Ngumbaru wa Kwa Nzuki, Kalama, Machakos.
Imesomwa kwa niaba ya wote na Mwelu Maundu, katibu.