Mama Pumzi na Jibu Alilolipiga Marufuku

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika hospitali yetu, mtaalamu wetu wa fiziolojia ya mazoezi anastaafu na kukabidhi ufunguo wa chumba cha mwisho wa korido. Wagonjwa humwita Mama Pumzi, nasi tumelizoea jina hilo hata mbele ya mkurugenzi. Anayekabidhiwa ufunguo ni mwandishi wa wasifu huu, ambaye tangu aambiwe hajapata usingizi wa maana.

Alipoajiriwa, mgonjwa wa moyo hapa kwetu aliamriwa kulala. Alale, alishwe, na akigeuka ageuke kwa idhini. Mama Pumzi alikuja na mashine ya kutembelea iliyolia kama mlango mbovu, akasema moyo ni msuli, na msuli usiotumiwa hunyauka. Madaktari walitikisa vichwa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Mke wa fundi aliingia akamkuta mumewe anatembezwa juu ya mkanda, waya zimejaa kifuani, akauliza kwani mzee wa watu kaiba nini hata akimbizwe.

Watu walicheka. Mama Pumzi akamwuliza fundi hali, naye, kama mtu aliyelelewa vyema, akajibu hajambo. Alipoulizwa tena akasema nzuri tu, mama. Papo hapo magoti yakamlegea, akadakwa kabla hajafika sakafuni. Alipona, na mapazia ya chumba kile ni kazi ya mikono yake. Ila tangu siku hiyo “sijambo” na “nzuri” vilipigwa marufuku humo ndani. Sisi ni watu wa kujibu nzuri hata nyumba ikiungua, kisha ndipo tunaeleza habari za moto. Mama Pumzi alisema adabu hiyo itatuulia watu.

Badala yake aliuliza, “Pumzi iko wapi?” Ikiwa kifuani, unaendelea. Ikiwa kooni, unapunguza mwendo. Ikiwa mdomoni, mashine inazimwa bila mjadala. Swali hilo lilienea wodi zote. Mwaka mmoja alimwuliza mkurugenzi katikati ya kikao cha bajeti. Mkurugenzi akakiri iko kooni, kikao kizima kikacheka, na mashine mpya ikapatikana. Leo madaktari wale wale waliotikisa vichwa humpelekea wagonjwa wenyewe, na walioingia kwa kiti cha magurudumu wametoka kwa miguu yao.

Kinachomtia hofu mrithi wake ni masikio ya Mama Pumzi. Humpa mgonjwa mgongo, akapanga taulo, kisha ghafla akasema “zima”, na kioo cha mapigo ya moyo ndiyo kwanza kinaanza kuonyesha tatizo. Husema anasikiliza nyayo. Mimi nimesikiliza nyayo mpaka shingo imekakamaa, na ninachosikia ni mashine tu.

Hata hivyo kuna nyayo nilizozisikia. Tangu miezi miwili iliyopita Mama Pumzi hapandi ngazi zetu kwa mkupuo mmoja. Husimama katikati na kusoma tangazo la kuzima moto, ambalo lilibandikwa na yeye mwenyewe. Nimemwuliza hali, akanijibu, “Nzuri tu, mwanangu.” Muuguzi mkuu kamwuliza, nzuri. Mumewe nyumbani kamwuliza, hajambo kabisa. Kumwomba apimwe tumeomba, na kila mara hucheka akabadilisha mazungumzo. Tunaogopa, na tumechoka kuogopa kwa adabu.

Basi wageni waalikwa watuvumilie, kwa kuwa ratiba imebadilika kidogo. Baada ya hotuba, na kabla ya keki, sote tutahamia chumba cha mwisho wa korido. Mashine imeshakaguliwa. Raba za Mama Pumzi zimeletwa na mumewe na ziko chini ya meza kuu. Daktari wa moyo amekubali kusimama karibu, na fundi cherehani, ambaye bado anashona, ameomba awepo.

Asante, mama, kwa kila aliyerudi nyumbani akitembea. Maisha mema tunakutakia, marefu na yenye ngazi nyingi. Lakini Ijumaa nitakuwa nimekupa mgongo nikipanga taulo, na sitapokea nzuri wala sijambo. Mama, pumzi iko wapi?