Kona ya Tanuri

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja lililosukumwa hadi kwenye ukuta wa uwanja wa mbio za magari, mahali ambapo njia ya ndani inapinda na watu wakapaita Kona ya Tanuri. Benchi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Uwanja ulikuwa umefungwa kwa miaka mingi, na wenye kijiwe walizoea kuegemea ukuta ule wakinywa kahawa bila hata kukumbuka kuna nini nyuma yake. Jumamosi hiyo mambo yalibadilika. Uwanja ulikuwa umepata mwenyewe mpya, mbio za kwanza zilipangwa kuanza saa kumi alasiri, na nyuma ya migongo yao injini zilikuwa zinapashwa moto. Kila injini iliponguruma, kahawa ilitetemeka vikombeni. Dada Kahawa, mwenye birika, alikuwa anatetemeka tangu alfajiri.

Mdogo wake wa mwisho, fundi wa gereji ambaye mtaa mzima ulimwita Nati, ndiye aliyekuwa dereva wa gari namba sita. Dada Kahawa alimlea tangu alipoachwa ananyonya. Asubuhi alikuwa amemshika mkono mlangoni akamsihi asiende, kwa kuwa kila mtu alijua kona ile iliua. Nati alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia:

— Dada, nipe sababu ya kifundi na nitashuka kwenye gari, nakuapia. Lakini ukiniletea habari za mizimu, naendesha.

Sasa ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na sababu hana.

— Jamani, alisema Dada Kahawa akimjazia kikombe Mzee Bendera, leo sitaki porojo. Yule dereva wa zamani, wa mbio za nne, alikufaje hapa kwenye kona?

Mzee Bendera alijikohoza. Kwa miaka yote alidai kuwa ndiye aliyepeperusha bendera katika mbio za kwanza kabisa, na jina lake lilitoka hapo.

— Hapo umemuuliza mwenyewe, binti yangu. Mimi nimeujua uwanja huu kabla haujawa uwanja. Hapa palikuwa shimo la kuchimba udongo wa matofali, na tanuri lilikuwa hapa hapa nyuma yetu. Kiwanda kilipokufa, mafundi wa gereji wakaanza kuleta mikweche yao kila Jumapili, wanazunguka shimo. Mpaka wa njia ni mapipa ya oili. Mshindi anapewa betri.

— Betri mpya? aliuliza Redio, kinyozi aliyefunga kibanda chake ili aje kusikiliza mbio.

— Betri inayowaka. Usinikate kauli.

— Sikukati, Mzee, nakusaidia. Umemruka bwana wa malori. Aliona watu wanajaa, akanunua shimo, akazungusha ukuta, akaweka lango na tiketi. Ndipo mikosi ilipoanza.

— Mikosi gani? aliuliza Dada Kahawa.

— Tanuri, dada. Lile tanuri halikuzimwa, lilifukiwa linawaka. Mpaka leo moto uko chini. Gari likifika kwenye kona, tairi zinalainika kama ugali.

— Acha fiksi zako, alisema Sindano, fundi cherehani, ambaye alikuja na suruali ya mteja begani. Moto gani wa miaka arobaini? Basi na sisi hapa tungekuwa tumeiva.

— Wewe umekaa juu ya benchi. Vua viatu ukanyage chini.

Sindano alikunja miguu yake juu ya benchi, kimyakimya, kisha akajifanya kuwa alikuwa anataka tu kuunyoosha mgongo.

— Mimi niliambiwa na marehemu baba, alisema. Yule dereva aliona gari linamjia mbele, ana kwa ana. Rangi ile ile, namba ile ile. Ndani yake amekaa yeye mwenyewe. Akalikwepa, akaingia ukutani.

Dada Kahawa alimwaga kahawa nje ya kikombe. Namba ya gari la Nati ilikuwa ngapi vile? Sita. Na ya yule wa zamani? Hakuthubutu kuuliza.

— Mnababaisha tu, alisema Mzee Bendera, na sauti yake ikashuka. Ukweli ni kwamba njia hii inapungua. Mbio za kwanza tuliipima kwa hatua, ikawa mia sita. Baada ya ile ajali tukapima tena, mia tano na themanini. Hatua ishirini zimekwenda wapi? Nyumba zote za mtaa huu zimejengwa kwa udongo wa shimo hili. Ardhi inajirudishia udongo wake, kidogo kidogo. Na kama haipati udongo...

Nyuma ya ukuta injini moja ilipiga kelele ndefu, ikapanda, ikapanda, halafu ikakatika ghafla. Wote wanne waliugeukia ukuta. Iliponguruma tena, Redio alicheka peke yake.

— Kwa hiyo nikamwambie nini mdogo wangu? aliuliza Dada Kahawa. Nikamwambie ardhi ina njaa? Atanicheka, ataweka kofia yake kichwani, ataondoka. Nimewapa kahawa miaka saba, wazee wangu. Nipeni neno moja la maana!

Ilikuwa saa kumi kasorobo.

Wakati huo mtu mmoja mgeni alitokea upande wa lango, amebeba ngazi begani. Alikuwa fundi wa mapaa, aliyeitwa siku hiyo kuziba kibanda cha tiketi kilichokuwa kinavuja. Aliegemeza ngazi, akaomba kikombe kimoja, akanywa amesimama.

— Shikamoo, Mzee. Nimewasikia kwa mbali mnazungumzia ajali. Samahani, mimi si wa hapa. Ila nimekata njia kupitia ndani, nikapita kwenye hii kona. Ukuta umevikwa mabati mazito.

— Marahaba. Ni mabati ya ubavu wa malori mabovu, alisema Mzee Bendera. Bwana wa malori aliyafunga kwa bolti baada ya mbio za pili, matofali yasibomolewe.

— Vizuri. Basi kuna jambo nataka kujua tu, kama fundi. Yale mabati yamelaliana, hili juu ya lile, kama ya paa. Gari likitokea upande ule mwingine wa kona, penye tangi la maji, likagusa ukuta, litateleza, litaachiliwa. Likitokea upande wa lango, litakutana na ncha ya kila bati. Ncha ikiingia chini ya gari... Alikipindua kiganja chake juu chini. Je, zamani magari yalikuwa yanatokea upande gani?

Sindano alimtazama Redio. Wote wawili wakamgeukia Mzee Bendera.

— Si ulipeperusha bendera? alisema Sindano. Mwambie.

— Yalikuwa yanatokea... Mzee alinyoosha mkono kulia, akaushusha, akaunyoosha kushoto. Vumbi lilikuwa jingi siku zile.

— Mzee! alisema Sindano tena.

— Sikuwa na pesa ya tiketi, alisema Mzee Bendera. Mbio zote nilizisikiliza kutokea hapa. Bendera niliiona ikipepea juu ya ukuta, basi. Kutokea hapa, ngurumo inakuja pande zote.

Hakuna aliyemcheka. Redio alikumbuka kwamba naye habari za moto alizipata kwa mteja, na Sindano hakuwa hata amezaliwa.

— Ya zamani hatuyajui, alisema Dada Kahawa taratibu. Lakini ya leo nayajua. Asubuhi wamejaribu mizunguko miwili, vumbi nimeliona. Magari yanatokea upande wa lango.

Fundi wa mapaa aliweka kikombe chini.

Dada Kahawa alilitua birika akakimbia. Alikimbia na kandambili mpaka moja ikabaki njiani, akampita mlinzi wa lango aliyekuwa anadai tiketi, akaingia ndani. Magari sita yalikuwa mstarini. Nati alikuwa ameshafunga mkanda.

— Dada, tena?

Alimwambia kwa pumzi iliyokatika: mabati, ncha, lango, tangi. Alitegemea atacheka. Nati hakucheka. Alifungua mkanda, akashuka, akatembea haraka mpaka kwenye kona, akapitisha kiganja ukutani, kwanza kwa upande mmoja, kisha kwa upande mwingine. Aliporudi mkono wake ulikuwa unavuja damu.

— Umemwona mwenye bendera, yule wa kuanzisha mbio? aliuliza.

Mwenye bendera alikuwa ng'ambo ya pili, amewapa mgongo, na mkono ameshaunyanyua. Nati alimpigia kelele. Injini tano zilimeza sauti yake.

Basi Nati aliingia katikati ya njia, akasimama mbele ya yale magari matano, akainua mikono yote miwili. Dada Kahawa alitaka kumwita arudi. Amemtoa kwenye gari asife, na sasa Nati amesimama mbele ya magari matano. Mguu wake mmoja ulikuwa na kandambili na mmoja hauna. Alikwenda akasimama ubavuni pa mdogo wake, akainua na yeye mikono, akafumba macho.

Injini zilikuwa bado zinanguruma, pale pale mstarini.