Riekelt Wakker, Aliyeitafuta Nchi Iliyozama (1951–2023)

Riekelt Wakker, ambaye leo familia yake inamrudisha kwa Muumba wake, alizaliwa hapa Urk, Uholanzi, siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya uchochoroni nyuma ya kanisa la zamani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Hessel Wakker, nahodha wa meli ya uvuvi Rehobothi, na mkewe Marretje. Alibatizwa akiwa na siku kumi na moja. Miaka mitatu baadaye alizaliwa dada yake wa pekee, Albertje, ambaye alimwuguza mpaka saa ya mwisho.

Alianza shule ya msingi ya Kikristo mwaka 1957. Hakuwa mtukutu, ila maswali yake yaliwachosha walimu. Siku moja mwaka 1960 walikuwa wakisoma habari za Nuhu, naye akanyoosha mkono.

“Mwalimu, na samaki je?”

“Samaki wamefanya nini?”

“Hawakuzama. Kumbe wao hawakuwa na dhambi?”

Darasa zima la watoto wa wavuvi likaangua kicheko, naye akasimamishwa pembeni mpaka kengele ikalia. Nyumbani Marretje alitaka kumwongezea adhabu, lakini Hessel alicheka mpaka akaweka kijiko chini. “Mwache mtoto, Marretje. Jumatatu nikivuta wavu nitawauliza wenyewe.”

Rehobothi ilizama Jumanne, tarehe 11 Desemba 1962, ikiwa na watu wanne. Hakuna aliyejua ni mahali gani. Mmoja wao aliokotwa pwani ya Denmark mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Hessel na wenzake wawili hawakuonekana. Marretje, aliyekuwa na miaka thelathini na mitano, hakuolewa tena. Kila Ijumaa meli zilipoingia bandarini alisimama pale na kitambaa chake kichwani akauliza jambo moja tu: “Hamkupata kitu?” Wavuvi walijua anauliza nini, kwa sababu kwetu mfupa wa mtu ukiingia wavuni haurudishwi majini. Unaletwa nyumbani, polisi wanaitwa, na familia zinazongoja zinaambiwa.

Riekelt alikuwa na miaka kumi na moja. Majira yale ya baridi alipata maktabani kitabu kilichoeleza kwamba sakafu ya Bahari ya Kaskazini iliwahi kuwa nchi kavu, yenye mito na misitu, na kwamba watu waliishi humo kabla maji hayajaifunika. Alimwendea dada yake.

“Baba hayuko majini, Albertje. Chini kule kuna nchi.”

“Ina nyumba?”

“Lazima zilikuwepo.”

Albertje alimwamini. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililomwezesha kulala.

Mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na mitano, marehemu aliacha shule akaingia baharini. Alivua samaki bapa kwa miaka ishirini na minane, kwanza kama baharia, kisha kama msaidizi wa nahodha. Nyavu nzito zilizokokotwa chini zilileta pia meno ya tembo wa kale, pembe za paa na zana za mifupa. Wengine walivitupa, yeye aliviosha na kuviandikia tarehe na mahali. Wenzake walimwita Profesa. “Profesa, njoo, bibi yako huyu hapa, kang’oka jino!” Naye alijibu, “Lete, ni mrembo kuliko mkeo.” Alijifundisha Kijerumani na Kiingereza ili asome vitabu ambavyo hapa kwetu hapakuwa na aliyevisoma.

Alimwoa Jannetje tarehe 21 Mei 1976. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hessel, aliyepewa jina la babu yake, na Grietje. Nyumba yao ilikuwa ndogo, na Jannetje alimwambia wazi kwamba hatalala chumba kimoja na mifupa. Kwa hiyo mkusanyiko wote ukahamia kwa mama yake, katika kabati la vioo la sebule ya mbele.

Kadiri miaka ilivyopita, marehemu alijenga fikra yake, nayo ikamjaa kifua. Aliamini kwamba hadithi za gharika walizonazo watu wa Babeli, Wagiriki, Wahindi na Wayahudi zilizaliwa mahali pamoja, katika nchi ile iliyozama. Maji yalipopanda, alisema, watu walikimbia pande zote, na kila kundi likabeba hadithi ileile, pamoja na nyimbo za kwanza na desturi ya kuzika wafu. Aliandika daftari ishirini na tatu. Aliwaandikia wataalamu wa vyuo vikuu, nao walimjibu kwa adabu. Mmoja alimwandikia, “Kila taifa lina maji yake, Bwana Wakker.” Riekelt alimsomea mama yake barua hiyo, akasema, “Huyu hajawahi kulowa.”

Alichokosa ni mtu. Alikuwa na zana na wanyama, lakini mtu wa nchi ile hakuwa naye. Tarehe 6 Juni 1991, kwenye fungu la mchanga liitwalo Bruine Bank, wavu ulileta bonge la mboji nyeusi, na ndani yake kipande cha juu cha fuvu, cheusi kama kahawa nzito. Nahodha Teunis alivua kofia.

“Hilo la mtu, Riekelt. Tunaita polisi tukifika.”

“Tazama rangi yake, Teunis. Mfupa wa juzi ni mweupe. Huyu ana miaka elfu nane.”

“Una hakika?”

“Huyu hana wa kumlilia.”

Teunis alimwamini, maana katika mambo ya mifupa wote walimwamini. Kipande kile kiliwekwa kwenye kabati la Marretje, rafu ya kati, juu ya kitambaa cha buluu. Watoto wa shule waliletwa kukiona.

Marretje hakukizoea. Kila Jumamosi alipofanya usafi alikitoa, akakipangusa vumbi kwa pembe ya aproni yake, akakirudisha. Jumapili alikifunika kwa leso.

“Riekelt mwanangu, mzike huyu mtu. Naye alikuwa na mama yake.”

“Mama, mama yake alikufa miaka elfu nane iliyopita.”

“Basi amengoja sana.”

Marehemu alicheka, akambusu kwenye paji la uso. Hakumzika mtu yule.

Baada ya goti lake kupondwa na nyororo ya wavu mwaka 1994, aliacha bahari akabaki na daftari zake. Mwaka 1996 alizungumza hadharani juu ya fikra yake, akasema gharika ilikuwa ya nchi moja na si ya dunia nzima. Mzee wa kanisa, Lub Hakvoort, alikuja nyumbani kwake na mwenzake.

“Ndugu Riekelt, Neno linasema maji yaliifunika milima yote.”

“Milima yote waliyoiona, mzee.”

“Unaliongezea Neno.”

“Sipunguzi hata tone. Nasema tu yalianzia wapi.”

Hakukubali kurudi nyuma, nao hawakukubali fikra yake. Tangu mwaka huo alizuiwa kuikaribia Meza ya Bwana. Alikuja kanisani kila Jumapili mara mbili, akaimba Zaburi, na mkate ulipogawiwa alibaki ameketi, mikono magotini. Lilikuwa jambo zito kwa mama yake. Alikuwa akisema ana watu wawili waliopotea, mmoja baharini na mmoja kwenye benchi la nne.

Marretje alifariki tarehe 3 Novemba 2003. Alikuwa amenunua kaburi lenye nafasi ya watu watatu, moja juu ya nyingine, akachoresha jina la Hessel jiweni na kuacha mahali pa tarehe ya kuzikwa. Maneno yake ya mwisho kwa wanawe yalikuwa, “Baba yenu akipatikana, mwekeni juu yangu.”

Mwaka 2012 polisi waliziomba familia za wavuvi waliopotea zitoe mate yao, ili mifupa inayopatikana ilinganishwe na vinasaba vyao. Albertje alikwenda. Riekelt alisema atakwenda wiki ijayo, akasahau, kwani alikuwa akikamilisha kitabu chake. Wataalamu walimwambia kitabu hakiwezi kuchapishwa bila umri wa fuvu kujulikana, hivyo mwaka 2014 alilipeleka likapimwe. Barua ilirudi mwezi wa tisa. Ilieleza kwamba mwenye fuvu hilo hakuwa mtu wa kale. Alikuwa hai katika karne ya ishirini. Mboji ndiyo iliyolipaka weusi, na kazi hiyo huichukua miaka michache tu. Kwa mujibu wa sheria, fuvu lilikuwa limekabidhiwa polisi.

Marehemu hakumwonyesha mtu yeyote barua ile. Alipungua mwili. Mwezi Januari 2015 polisi wawili walimfikia Albertje kwanza, kwa kuwa mate yalikuwa yake. Alikwenda kwa kaka yake kwa miguu, katika mvua. Jannetje alikuwa akimimina kahawa.

“Kaka, kaa chini.”

“Wamemjua ni nani?”

“Kaa kwanza.”

“Sema, Albertje. Ana familia?”

“Ni Baba.”

Jannetje aliendelea kumimina mpaka kahawa ikajaa kwenye kisahani. Hakuna aliyemzuia. Riekelt alisema, “Mama alikuwa akimpangusa vumbi.”

Hessel Wakker alizikwa juu ya mkewe tarehe 6 Machi 2015, katika sanduku lisilozidi ukubwa wa sanduku la mkate. Riekelt alilibeba mwenyewe kutoka kanisani mpaka makaburini, akikataa kupokewa licha ya goti lake. Hakuimba. Wiki ile alitoa mifupa yake yote kwa jumba la makumbusho, na daftari akazifunga kwa kamba ya wavu na kuziweka darini. Wageni walipokuja kumwuliza juu ya nchi iliyozama, aliwajibu, “Waulizeni waliosoma.”

Mzee Lub alikuja tena, safari hii peke yake.

“Riekelt, sikuja kwa habari ya gharika. Meza iko wazi kwako.”

“Miaka kumi na miwili Mama aliniomba nimzike, mzee. Alikuwa naye mle ndani, na alikufa akimngoja.”

“Hukujua.”

“Kila mvuvi hapa anajua mfupa wa mtu unapelekwa wapi. Sili mpaka anisamehe.”

“Mama yako amelala, ndugu yangu.”

“Ndiyo hivyo.”

Hakuula mkate ule mpaka kufa kwake. Familia inalisema hili mbele ya kanisa kwa sababu hakutaka lifichwe.

Mwaka 2019 alipatwa na ugonjwa wa kutetemeka. Mikono iliyosafisha vitu vidogo kwa brashi ya meno haikuweza tena kushika kikombe. Mwaka jana mwezi wa kumi alihamishiwa nyumba ya wazee. Albertje alimlisha supu kila mchana, na hapo ndipo alipomwambia kwamba kaburi la wazazi lina nafasi moja.

“Si yangu.”

“Ya nani basi? Mimi nitalala na mume wangu.”

“Niwekeni safu ya mwisho, peke yangu. Jiwe sitaki. Nimemwandikia Grietje kwenye karatasi.”

“Kichwa chako kigumu, kaka. Kula.”

Nimonia ilimshika mwishoni mwa Januari. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, Jannetje akiwa ameshika mkono mmoja na Albertje mwingine. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja.

Karatasi yake ipo, na kila mwanafamilia ameisoma. Hatutaitii. Albertje aliwaambia watoto wa marehemu Ijumaa, mbele ya mchungaji: “Mama alimngoja mumewe miaka arobaini na moja. Mwanawe, Mama hatamngoja.” Kaburi limefunguliwa tangu jana, na jina lake limeshachorwa chini ya majina yao.

Ameacha mjane, Jannetje, watoto wawili, Hessel na Grietje, pamoja na wenzi wao, wajukuu watano, na dada yake, Albertje.

Mungu mwenye rehema ampe pumziko ambalo yeye mwenyewe alijinyima.